Ya Kupima Mwanga Tu

Sina picha yake hata moja. Mtu aliyeshika kamera miaka yote ile, na yeye mwenyewe hakukubali kupigwa. Ukimwelekezea simu, hata kwa mzaha, aliinua kiganja akaficha uso. "Mimi si sura," alisema, "mimi ni jicho." Tulicheka. Tulidhani ni unyenyekevu. Siku hizi naona alijua vizuri kamera inaweza kumfanyia mtu nini, ndiyo sababu akakaa nyuma yake maisha yake yote.

Tulimwita Mwalimu, basi. Jina alikuwa nalo kama watu wengine, na lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa ofisi yake, lakini sitalitaja. Si kwa heshima. Nikilitaja, kuna watu pale Nchiru, tulikosomea, watakaoanza kumtetea, na mimi mabishano hayo yamenichosha.

Chuo chenyewe kilikuwa vyumba vichache juu ya duka la mbolea, na kilishafungwa. Tulisomea kutengeneza filamu huku harufu ya mbolea ikipanda kupitia mbao za sakafu. Wanafunzi wa chuo kikuu walipita chini wakituona kama watu wa kukodisha spika za harusi. Mwalimu ndiye aliyetufanya tujione watu. Alisimama dirishani na kikombe chake, akawatazama wakipita, akasema, "Hao watasoma vitabu kuhusu watu. Nyinyi mtawaonyesha watu wenyewe." Ukiambiwa hivyo na umri wa miaka ishirini, haki ya Mungu, unaweza kumfuata mtu hadi mtoni akakuzamisha.

Alivaa buti za mpira kila siku. Darasani, kanisani, hata kwenye harusi ya mwanafunzi mmoja ambapo alisimama mstari wa mbele na suti nyeusi na buti. "Matope ya milima ya Nyambene hayana habari na viatu vyako," alisema. Alibeba chupa ya uji wa wimbi na alikunywa kwa kifuniko, kisha kifuniko kikazunguka kwetu sote, na hakuna aliyethubutu kupangusa kabla ya kunywa. Kabla ya kupiga onyesho aliomba, maombi marefu kama ya mchungaji wa kijijini, akitaja betri, mawingu na wazazi wa kila mmoja wetu. Akisema amina, sentensi iliyofuata ilikuwa tusi. Na hakusema "ekshen" kama wengine. Alisema, "Haya, ishi." Akitaka msimame, alisema, "Pumzika."

Kuna siku tulikuwa tunapiga onyesho la jikoni. Msichana aliyeigiza alikuwa wa Kinoru, mtoto wa mjini, na alipaswa kumenya ndizi mbichi za kupondea mukimo. Alizimenya polepole, kwa ncha ya kisu, kama mtu anayeogopa kuchafua kucha. Mwalimu akasema pumzika. Akarudia. Akasema pumzika tena. Mwishowe akachukua kisu, akaketi kwenye kigoda, akamenya mkungu mzima mbele yetu, vidole vimejaa utomvu mweusi, bila kutazama, huku akituambia: "Uongo mkubwa watu watakusamehe. Mwambie mtazamaji huyu ni malkia, atakubali. Lakini uongo mdogo wa mkono hatakusamehe. Mkono ukidanganya, kila mtu anaona." Mutuma, mpiga kamera wetu, aliandika maneno hayo kwa kalamu ya wino kwenye begi la kamera. Mimi niliyaandika moyoni, mjinga mimi.

Alikuwa mkali na alikuwa mwema, na vyote viwili bila kipimo. Baba yangu alipofariki nilikuwa mwaka wa kwanza. Mwalimu alikuja hadi kwetu Nkubu. Hakuketi hemani na wageni. Alivua koti, akachukua sepetu, akaingia kaburini na vijana wa kijiji, akachimba mpaka kikaonekana kichwa chake tu. Mama akaniuliza, "Yule mwanaume ni wa ukoo gani?" Nikamwambia si wa ukoo, ni mwalimu wangu. Mama akasema, "Huyo si mwalimu tena, huyo ni ndugu." Sasa niambie. Mtu amekuchimbia kaburi la baba yako kwa mikono yake. Baadaye akikuomba kitu, utaanzia wapi kumkatalia?

Alichoniomba ni hadithi.

Mwaka wa mwisho kila kikundi kilipaswa kutoa filamu fupi, na mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa kikundi chetu. Nilikuwa na hadithi mbili za mapenzi, zote mbovu. Mwalimu alizisoma, akazirudisha mezani. "Hizi umezitoa kwa televisheni," akasema. "Nyumbani kwenu hakuna mtu anayelia?" Nikamwambia yupo. Nikamsimulia habari za Tata.

Tata ni shangazi yangu, dada ya baba. Ndivyo tunavyowaita shangazi huku Meru. Aliolewa Laare, kwenye mashamba ya miraa. Mumewe alipokufa alimwachia miti ya zamani, ile iliyopandwa na babu za babu, yenye shina nene lililopindapinda, ambayo wanunuzi huiulizia kabla hawajashuka kwenye bodaboda. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Mdogo wa marehemu, shemeji yake, akaanza kuchuma miti hiyo kama yake. Hakuuliza. Alikuja asubuhi moja na wachumaji, wakakwea mitini. Tata akaenda kwa wazee wa ukoo, na wazee wakaanza kuelekea upande wake, polepole kama wazee wanavyokwenda.

Shemeji alipoona hivyo, akamletea kitita. Upande ule, mtu akikukosea na akitaka yaishe, haji mikono mitupu. Huleta miraa iliyochaguliwa shina kwa shina, imefungwa kwa jani la mgomba na kamba ya mgomba. Ukiipokea na kuifungua, umesamehe. Jambo lile hutaliinua tena mpaka uzikwe. Ukikiacha kitita kimefungwa, kesi bado iko hai. Tata alikiweka kwenye kigoda jikoni, akaendelea kupika. Kilikaa pale mpaka kikakauka. Miraa iliyokauka ni ufagio tu. Shemeji akaelewa, na wazee wakaelewa, na kesi ikaendelea.

Nilipomaliza kusimulia, macho ya Mwalimu yalikuwa na machozi. Haya si maneno ya kupamba. Alilia kweli, akajifuta kwa mkono wa shati. "Kigoda," akasema. "Kitita kinakauka kwenye kigoda, na mama anapika. Hapo ndipo filamu inaishia. Usiongeze hata neno."

Tukaenda Laare, yeye na mimi, kumwomba Tata aigize mwenyewe. Tata alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi, kwenye sinema? Na meno haya? Lakini Mwalimu alizungumza naye Kimeru cha taratibu, cha mtu aliyelelewa na nyanya, akala githeri yake, akamsaidia kufukuza kuku kwenye maharagwe. Tulipoondoka alikuwa amekubali. Aliniambia langoni, "Mwalimu wako ana adabu. Siku hizi si wengi."

Tuliishi kwake wiki nzima, vijana sita na mitambo. Tata aliigiza kama mtu anayepumua. Alipoambiwa "ishi" aliendelea tu kufanya alichokuwa akifanya. Onyesho la kumkumbuka mumewe alilifanya mara moja. Alikaa kitandani na koti la marehemu, machozi yakashuka yenyewe, na Mutuma alisahau kuzima kamera kwa kumtazama.

Mzee aliyepangwa kuigiza shemeji alikuwa mjomba wa Mutuma, mwimbaji wa kwaya. Asubuhi ya onyesho la mwisho mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kupanda kwa Tata ikawa matope matupu, na mjomba akapiga simu kwamba gari limekwama na hawezi kufika. Tulimtazama Mwalimu. Yeye akatazama mawingu, akatazama ua wa jirani, akauruka na buti zake, akapotea. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa na shemeji. Shemeji wa kweli, aliyekaa ng'ambo ya ua ule! Amevaa koti la kanisani na kofia, na mkononi ana kitita, jani bado bichi.

Tata alisimama. "Huyu anatafuta nini kwangu?"

"Mama, hebu nisikilize," Mwalimu akasema, akimsogeza kando. Nilikuwa karibu nao, nimeshika kijiti cha maikrofoni. "Ulimkataa jikoni. Nani alikuona? Leo umkatae mbele ya kamera. Atakuwa amekataliwa mbele ya dunia nzima."

Nilimwona Tata akilitafuna lile neno, dunia nzima. Alikuwa ameonewa muda mrefu na hakuna aliyemshangilia. Akajifunga leso vizuri. "Aje," akasema.

Onyesho lilikwenda vizuri kuliko lolote tulilowahi kupiga. Majirani walikuwa wamejaa uani. Shemeji alitoa kitita, Tata akakipokea kwa mikono miwili, akakitazama, akakiweka kwenye kigoda kikiwa kimefungwa, akageukia sufuria. Majirani wakapiga makofi. Mwalimu akasema pumzika. Halafu akawafukuza majirani, eti wanapiga kelele, wakatoka.

"Sasa moja ya mikono tu, kwa karibu," akasema. "Nataka kuona vidole vikifungua kamba. Ni ya kupima mwanga tu, mama. Hii tunaitupa."

Tata hakusogea. "Nifungue?"

Shemeji, aliyekwisha kukiokota kitita kwenye kigoda, alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mama," Mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa laini kabisa, "mimi ni Mmeru kama wewe. Ningekuambia ufungue kama ingekuwa ni kitu?"

"Basi, kama ni wewe," Tata akasema.

Akaketi. Mwalimu akasema ishi. Tata akakipokea kitita tena kutoka mkononi mwa shemeji, vidole vyake vikaitafuta kamba, kamba ikalegea, jani likafunguka mapajani pake.

Kuhusu kuuza filamu, Mwalimu hakuwa na mpinzani. Wenzake waliofundisha vyuo vingine walitengeneza filamu, wakazifungia kwenye kabati, wakalalamika kwamba Wameru hawapendi sanaa. Yeye alisema, "Filamu isiyotazamwa ni maiti isiyozikwa. Inanuka nyumbani kwako." Alituma wanafunzi wabandike mabango kwenye migongo ya makoti ya bodaboda. Aliwaomba wachungaji watangaze kati ya sadaka na mahubiri, na alijua mchungaji yupi apelekewe asali na yupi apelekewe sifa tu. Alikata kipande kifupi cha kuonjesha, akakituma kwa WhatsApp kwa akina mama wa vikundi. "Vijana wana simu," alisema, "lakini mama ndiye anayesambaza." Na kila mahali alijua saa ya watu. Laare, alisema, usiwaonyeshe watu chochote kabla magari ya miraa hayajaondoka. Asubuhi yote macho yako kwenye mzigo. Magari yakishatoka, mji mzima unakaa, una pesa mfukoni na hauna la kufanya. Hapo ndipo uwashe projekta.

Alituuliza darasani, "Nani ataifikisha hii Laare?" Mimi nikasema itafika ikifika. Sikujua tayari ameshapata gari, pikapu yenye spika nne, na kwamba mwenye pikapu ni shemeji.

Lakini tulianzia Embu, kwenye ukumbi wa kanisa. Tulikuwa tumevaa nguo zetu nzuri. Mwalimu ndiye aliyeihariri filamu, peke yake, mlango umefungwa; alisema tutaiona siku moja na wageni ili moyo wetu uwe mpya. Nikakaa mstari wa pili. Filamu ikaenda kama nilivyoiandika, neno kwa neno, mpaka mwisho. Shemeji akatoa kitita. Tata akakipokea. Halafu ikaja ile mikono, karibu, imejaa skrini yote. Vidole vikafungua kamba. Halafu uso wa Tata ukilia, ule uso wa kitandani, wa koti la marehemu, umebandikwa pale kana kwamba analia kwa kusamehe. Muziki ukapanda. Ukumbi mzima ukasimama. Kina mama wa Embu walikuwa wakifuta macho. Mtu mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake kwa mzaha, "Hawa watu wa Meru husameheana kwa majani! Sisi muguka, miraa yetu ya huku, tunatafuna tu." Wakacheka na kulia pamoja.

Nilimkuta nje, amezungukwa na wachungaji. Nikamvuta mkono mbele yao, bila aibu.

"Mwalimu, umefanya nini? Huo si mwisho."

"Umeona watu walivyosimama?"

"Ulimwambia ni ya kupima mwanga! Ulimwambia mnaitupa!"

Akaniweka mkono begani, mkono uleule wa sepetu. "Mwanangu, watu hawatoki nyumbani kwao kuja kuona kigoda. Wanakuja kuona msamaha. Na hapa ni Embu. Nani hapa anajua kitita ni nini? Nitautumia huku tu. Ule wa kigoda nimeuweka, wa Laare ni ule."

Nikamwamini. Msiniulize kwa nini. Kikulacho ki nguoni mwako, tunaimba shule ya msingi, na bado nguo tunazivaa.

Laare aliwaonyesha ule wa Embu. Magari yalikuwa yameondoka, ukumbi umejaa, madirisha yamefunikwa magunia kwa sababu nje jua linawaka, na pikapu ya shemeji ilikuwa imezunguka mji tangu asubuhi ikitangaza: njooni muone hadithi ya kweli ya hapahapa kwetu, njooni muone mjane alivyosamehe. Mimi nilikuwa Nchiru kwenye mtihani. Mutuma ndiye aliyenipigia, akipiga kelele kwenye simu, "Buda Mwalimu ametuuza! Ametuuza, nakuambia! Ameweka ile ya mikono!" Aliniambia jinsi ukumbi ulivyonyamaza vidole vilipofungua kamba. Embu walilia. Laare hawakulia. Laare walitazamana, halafu mmoja mmoja wakamgeukia shemeji, aliyekuwa ameketi mbele na kofia magotini. Tata hakuwa ukumbini. Mwalimu alikuwa amemwambia filamu itaonyeshwa wiki ijayo.

Shemeji akawaita wazee. Hakungoja hata jua lizame mara mbili.

Walikaa kwenye uwanja wa shule ya msingi, kwenye viti vilivyotolewa darasani. Nilikwenda na Tata. Alivaa gauni la kanisa. Nilikuwa nimempigia Mwalimu, na alikuwa amesema, "Nitakuja. Nitaeleza. Mwambie mama asiwe na wasiwasi, ni jambo la dakika moja." Na kweli lilikuwa la dakika moja. Angesimama tu aseme: mimi ndiye niliyemwambia afungue, nilimwambia ni kitu cha kutupwa. Ya kwangu hawangeyasikiliza. Mimi ni mtoto wa kaka yake, na nilikula kwenye sufuria yake. Mutuma ni mgeni, tena kijana. Mwalimu alikuwa mtu mzima, Mmeru, na watu wa Laare walimheshimu.

Mzee mmoja mpole ndiye aliyeuliza. Hakuwa na ukali wowote, na nafikiri alitamani ajibiwe vingine.

"Mama, miraa ile ilikuwa ya kweli ama ya karatasi?"

"Ya kweli," Tata akasema.

"Mkono ulikuwa wako?"

"Wangu."

"Aliyekuletea ni huyu hapa, ama ni mtu mwingine anajifanya yeye?"

"Ni yeye. Lakini nilimkataa kwanza. Majirani waliona."

"Tumesikia. Mtu hukataa, halafu moyo wake hugeuka. Ulifungua?"

"Niliambiwa ni ya kupima mwanga."

Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Mzee akawanyamazisha kwa mkono. "Nani alikuambia?"

"Mwalimu."

"Yuko wapi?"

Tukangoja. Mzee aliwaambia wenzake wangoje, na wakangoja kwa haki, siwezi kuwalaumu. Nilipiga simu yake nikiwa nimesimama nyuma ya darasa, ikaita, ikaita, halafu ikazimwa. Kila bodaboda iliyosikika ikipanda, Tata aligeuza shingo. Baadaye akaacha kugeuza. Wazee wakasimama, wakatazamana, wakasema jambo limekwisha, kitita kimefunguliwa, mama amesamehe na miti ibaki ilipo, kwa shemeji. Shemeji akaja kumpa Tata mkono. Na Tata akaupokea, kwa sababu angefanyaje mbele ya watu wote wale?

Nilikuja kujua siku ile Mwalimu alikuwa Embu tena. Wachungaji walikuwa wameiomba filamu kwa mara ya pili.

Tata hajawahi kunilaumu. Ningependa anilaumu, ningejua pa kushika. Mimi nilimaliza masomo, na siku hizi napiga harusi na mazishi, watu wakilia nawapiga wakilia kweli, na sihariri zaidi ya kukata walevi. Mwalimu sikumtafuta. Miaka ilipita, chuo kikafungwa, nikasikia yuko hapa, yuko pale, anafundisha vijana kwenye makanisa.

Nilimkuta Kinoru, mwaka jana. Nilikuwa nimetoka kupiga shughuli uwanjani, nikaingia hoteli ya chai ng'ambo ya barabara, na yeye alikuwa ameketi karibu na mlango. Amezeeka. Buti hana, mguu mmoja umevimba na amevaa sandali zilizokatwa upande. Aliniona kabla sijaamua kama nitoke. Akasimama kwa shida, akanivutia kiti, akaniagizia chai na chapati bila kuniuliza, kama zamani. Alinikumbuka vizuri, na mama yangu, hata mahali kaburi la baba lilipo, upande wa juu wa migomba. Alitaja kila onyesho tulilopiga. Nikasema moyoni, sasa hivi, kama si sasa basi tena.

"Mwalimu, ulijua?"

Hakujifanya haelewi, hilo namshukuru. Aliweka kikombe chini.

"Nilijua. Mmeru gani asiyejua?"

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa ng'ambo ya ua. Yule mwanaume aliniambia, nitakuja, lakini afungue. Na gari nitakupa, na spika nitakupa, na Laare nitakujazia." Alikunja vidole vyake taratibu. "Nikaona filamu nzima pale nimesimama. Nikaona itatembea."

Miaka yote nilikuwa nimejiambia alipitiwa. Alichanganya kanda, alisahau, simu iliisha chaji. Nilikuwa nimemtengenezea visingizio vizuri kuliko hadithi yoyote niliyowahi kuandika. 

"Na siku ya wazee?"

"Ningekuja niseme nini? Nikisema ukweli, filamu imekufa. Ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kusimama."

"Ulimchimbia baba yangu kaburi!" Nilisema kwa sauti, watu wakageuka.

"Na leo ningelichimba tena," akasema. Na alimaanisha, ndiyo balaa. Kama msiba ungetokea siku ile angekuja na mguu wake uliovimba.

Akanisogezea sahani ya chapati. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayejali kweli, "Mama anaendeleaje?"

Nikamwambia. Nilitaka asikie kila kitu. Nikamwambia Tata siku hizi anafunga miraa kwenye kibanda cha shemeji, na akina mama wengine, kwa malipo ya siku. Kila asubuhi wanaletewa mzigo, na mwingine unatoka kwenye miti ya mumewe, anaujua kwa rangi na kwa harufu, anaufunga, anautia gunia, gari linaondoka.

Mwalimu aliacha kutafuna. Akanitazama, na yale macho ya zamani yakarudi, yale ya siku nilipomsimulia mara ya kwanza. Yakajaa machozi.

"Anafunga ya miti ileile," akasema polepole. "Kwa mikono yake." Akapangusa uso. "Mwanangu, hiyo ndiyo sehemu ya pili. Mungu wangu. Bado ana nguvu ya kuigiza?"

Niligeuza macho barabarani. Akadhani nafikiria.

"Jumamosi nina nafasi," akasema. "Wewe utapiga kamera. Nitaenda kuzungumza naye mwenyewe, tunaelewana."

Niliacha chai pale, na chapati sikuigusa. Nilisimama kando ya ukuta wa uwanja, pikipiki zinanipigia honi, nikampigia Tata. Nilimweleza yote, maneno yakitoka ovyo. Nikamwambia akimwona langoni asimfungulie, afunge hata mlango wa jikoni, asiongee naye hata salamu.

Tata alikuwa kibandani. Nilisikia akina mama wakizungumza nyuma yake. 

"Akija nitampa chai," akasema. "Mgeni ni mgeni. Lakini chochote atakachoniambia nishike, sishiki."